Mkuu mpya wa shule aanze kujenga ujuzi upi?

Swali

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nimeteuliwa kuwa mkuu wa shule ya sekondari baada ya miaka 14 ya kufundisha hisabati, na muhula wangu wa kwanza umekwisha bila ya mimi kuketi darasani kumsikiliza mwalimu hata mmoja, kwa kuwa siku nzima huliwa na barua, wazazi, mafundi na vikao. Kufundisha nakujua, kuwaongoza wanaofundisha ni kazi nyingine, nami sikuandaliwa kwayo. Orodha za sifa za kiongozi bora nimezisoma nyingi, nazo hutaja kila jema bila kusema lipi litangulie. Je, nianze na ujuzi upi?

Jibu la kwanza

Hongera kwa uteuzi, Mwalimu. Anza na ujuzi wa kukaa na mwalimu mkalichambua somo lake. Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake, walipolinganisha tafiti kuhusu aina za uongozi na matokeo ya wanafunzi mwaka 2008, waliona kwamba lenye uzito kuliko yote ni kiongozi kuhimiza mafunzo ya walimu na kushiriki mwenyewe. Hapo kwenye kushiriki ndipo wengi wetu tunapokwama, kwani tunafungua semina kisha tunarudi ofisini.

Hata hivyo, kuingia madarasani peke yake hakutoshi. Jason Grissom, Susanna Loeb na Benjamin Master, katika utafiti wao wa mwaka 2013 uliowafuatilia wakuu wa shule wapatao 100 huko Miami kwa miaka 3, walikuta kwamba muda wa kuwaelekeza walimu uliambatana na maendeleo mazuri zaidi ya wanafunzi, ilhali ziara fupi za kupita madarasani ziliambatana na maendeleo hafifu. Sishangai, maana mwalimu anayechunguliwa dakika 5 asiambiwe neno hujiona anapelelezwa.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila huo muda wa kukaa na mwalimu utatoka wapi ikiwa hata ufunguo wa stoo unaombwa mezani kwako? Jifunze kwanza kukabidhi madaraka. Mimi nilimkabidhi makamu wangu masuala ya nidhamu, kisha wazazi walipokuja kulalamika nikatengua uamuzi wake mbele yao. Tangu siku hiyo kila kesi ililetwa kwangu, na kosa lilikuwa langu. Ukimpa mtu kazi, mpe na haki ya kuamua, na ukiona amekosea mwambie mkiwa wawili. Fedha ni suala jingine: mhasibu aandike, lakini taarifa ya mapato na matumizi uisome na kuielewa mwenyewe, kwa kuwa sahihi ni yako.

Jibu la tatu

Ningependa kuongeza jambo ambalo naona ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kumweleza ukweli mwalimu aliyekutangulia kazini bila kumvunjia heshima. Usianze na hukumu. Anza na ulichokiona. Badala ya kumwambia kwamba somo lake halishirikishi wanafunzi, mwambie: "Uliuliza maswali 12, na karibu yote yalijibiwa na wanafunzi watatu wa mbele. Hawa wengine tungewafikiaje?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu, kwa sababu jibu atakaloliunda mwenyewe atalitekeleza kwa moyo kuliko agizo lako.

Muulizaji

Nawashukuru sana nyote. Nimezungumza na makamu wangu, naye amekubali kuwapokea wazazi asubuhi za Jumanne na Alhamisi ili niwe na walimu, na nimeahidi kutotengua atakachoamua. Kwa kuwa bado ninafundisha mkondo mmoja, nimemwomba mwalimu mkongwe kuliko wote shuleni aje anikague mimi kwanza, Jumanne ijayo, na anieleze alichokiona kabla sijaingia darasani kwake.