Mahari nimeelewa, ila mkaja na ubeleko asili yake nini?

Kijana wa Kahama

Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba wenyeji wa pwani mnieleweshe kabla sijarudi kwa wazee wangu.

Mimi ni Msukuma wa Kahama, mchumba wangu ni wa Pangani. Barua ya posa mshenga alishaipeleka, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na pesa ya kuifungulia, kama tulivyoelekezwa. Majibu yamekuja Jumapili na orodha hii:

Mahari: msahafu na shilingi 1,000,000
Kilemba cha baba: 200,000
Mkaja: 150,000, apewe mama mdogo
Ubeleko: doti 2 za kanga, apewe bibi
Kiosha miguu, kifungua mlango na kipa mkono: siku yenyewe

Baba aliposomewa alinyamaza kwanza, halafu akauliza: "Hawa mahari wanataka mara ngapi?" Kwetu mnapatana ng'ombe, wanaswagwa hadi kwa baba wa binti, ukoo unajua nani anapata yupi, na mara nyingi ndio hao hao kaka zake binti watakaoolea. Hesabu ni moja. Hapa anaona hesabu tano. Tena mama mzazi wa mchumba wangu alifariki yeye akiwa mdogo, kwa hiyo baba anahoji: mkaja wa nini, na mama mwenyewe hayupo? Simlaumu, lakini sitaki aende Pangani na kinyongo. Naombeni msaada.

Mtu wa Unguja

Waalaykum salaam. Kwanza mwambie mzee mahari ni huo mstari wa kwanza tu. Siku ya akdi sikiliza shekhe anavyosema mbele ya walii na mashahidi wawili: atakutaja wewe, atamtaja binti, atataja mahari. Kilemba hakitajwi, mkaja hautajwi. Na hiyo mahari ni mali ya binti mwenyewe, Sura ya 4 aya ya 4 iko wazi, baba yake hana senti humo. Mengine yote ni mila zetu, si sharti la ndoa kusihi.

Mama Mkubwa, Tanga

Mwanangu, lililonishika ni hilo swali la baba yako juu ya mkaja. Ameuliza jambo la maana na anastahili kujibiwa. Mimi ni somo, yaani kungwi, nimefunda wanawali wengi hapa Tanga, na baadhi yao nimewafunga mikaja kwa mikono yangu walipojifungua. Basi nikueleze kitu chenyewe.

Mzazi akishakandwa kwa maji ya moto analazwa chali. Unachukua kipande kirefu cha marekani, au kanga iliyokunjwa, unakipitisha chini ya mgongo, unaanzia nyongani unapanda nacho hadi chini ya mbavu, na unakaza mpaka mwenyewe anakushika mkono. Analala nao, anaamka nao, anakunywa uji wake wa pilipili manga nao umembana. Kila siku unafunguliwa, unafungwa upya, mpaka arubaini iishe. Huo ndio mkaja, na hiyo 150,000 imesimama badala ya kitambaa hicho. Mkwe akiutoa anakiri kwamba huyu anayemchukua kuna mwanamke alimzaa kwa uchungu.

Sasa marehemu. Aliyefungwa mkaja ni yeye, haki ni yake, na asipokuwepo haki hiyo hairudi kwa mume. Kwetu inakwenda upande wake, kwa mama yake au kwa ndugu yake wa kike. Ndiyo maana wamemwandika mama mdogo. Mkiukata kwa kuwa mama hayupo, mtakuwa mmemtoa katika harusi ya mwanawe. Mwambie baba hivyo hivyo, ni mtu mzima, ataelewa.

Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kumwandika bibi maana yake ndiye aliyembeba na kumlea. Na angalia, hawakuandika pesa, wameandika doti. Usipeleke pesa badala yake. Nenda dukani, chagua kanga nzito, zikate na kuzipinda, na usome jina la kanga kabla hujalipa, maana bibi atalisoma na majirani zake watalisoma.

Kilemba hakikuanzia kwenye harusi peke yake. Mtoto akihitimu kwa fundi wake, au akimaliza kusoma Kurani, wazee walimpa mwalimu kilemba. Ni shukrani kwa aliyelea na kufunza, na baba wa binti anaipokea kwa sababu hiyo hiyo.

Vya siku yenyewe visikutishe. Wasichana watakuzibia mlango, utaoshwa miguu, weka noti ndogondogo mfukoni basi. Ila kipa mkono kitofautishe na hivyo vyote. Hicho ni baina yako na mkeo. Ukiingizwa chumbani baada ya akdi unamwekea mkono kwenye paji la uso, unamwombea dua, kisha unampa: pete, cheni, pesa, kadiri ya uwezo wako. Ukakinunue mwenyewe, usimtume mshenga.

Dada wa Temeke

Shikamoo mama, umeeleza vizuri sana. Lakini na hili lisemwe. Kwenye ndoa yangu kilemba kilipandishwa hadi kikaizidi mahari. Mume wangu akakopa, na lile deni tumelilipa wawili, mimi nikiwa na mimba ya kwanza. Waliofaidi ni watu wazima, tulioumia ni sisi tulioanza maisha. Kaka, kama kuna kinachokuzidi, mrudishe mshenga akaombe, kupunguziwa ni jambo la kawaida. Ujue pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa kuwa mila za mahari na zawadi hazikutimizwa. Sisemi ukawatishie wakwe kwa sheria, ila usiingie humo kwa woga.

Mama Mkubwa, Tanga

Marahaba mwanangu, na pole kwa yaliyokupata. Umesema kweli. Shukrani haipaswi kuipita mahari, na wazazi wanaofanya hivyo wanamdhulumu binti yao. Orodha ya huyu kijana nimeipima: kilemba na mkaja kwa pamoja havifiki nusu ya mahari. Hawa ni waungwana. Wangemwandikia kilemba cha milioni mbili, ningemwambia arudishe mshenga leo leo.

Kijana wa Kahama

Shikamoo mama. Ahsanteni nyote. Nimemsomea baba kwenye simu maelezo ya mkaja. Amesema kilemba atamtuma mshenga aombe kipungue kidogo, mkaja usiguswe, utolewe wote kama ulivyoandikwa. Swali la mwisho: anayeupeleka ni nani? Mshenga?

Mama Mkubwa, Tanga

Marahaba baba. Hapana, wanawake wa kwenu. Mama yako au shangazi zako waingie ndani, wamkabidhi mama mdogo na bibi mkononi. Mkaja uwe kwenye bahasha yake yenye jina, usichanganywe na mahari. Kanga ziwekwe kwenye sinia, zifunikwe kitambaa. Mshenga abaki barazani na wanaume, na mahari na kilemba. Mfike asubuhi, kabla ya adhuhuri, na mama yako aje amevaa doti, asije na kanga moja.