Mguu wa selo unarudi ndani na kutoa mlio: niweke wa kaboni?

Uzi_wa_C: Habari wadau. Selo (ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, mpigaji akiwa amekaa) ni 4/4, yaani saizi kamili; mguu wake, fito inayotoka chini na kusimama sakafuni, ni wa chuma wa milimita 8. Mpigaji ana urefu wa sm 188, kwa hiyo mguu unatoka nje karibu sm 38. Ukipiga kwa nguvu unarudi ndani kidogo kidogo, na uzi wa C, ule mnene wenye sauti ya chini kabisa, una mlio kama wa nyuki. Ukumbi ni wa vigae. Je, mguu wa kaboni utamaliza yote?

FundiMbao: Usinunue kitu bado. Kuteleza sakafuni na kurudi ndani ya soketi (kishikilia mguu kilicho chini ya selo) ni magonjwa mawili tofauti. Zungusha utepe wa karatasi kwenye mguu, ukingo wake uguse soketi, kisha mpigaji apige dakika 10. Utepe ukijikunja, shida ni skrubu ya soketi inayoubana mguu.

Fungua skrubu uitazame ncha. Mara nyingi imelika ikawa mviringo, inagusa chuma kwa nukta moja tu. Futa mguu kwa spiriti, maana jasho na mafuta ya mikono vinaulainisha kuliko watu wanavyodhani. Ncha ikiwa imekwisha, tafuta skrubu nyingine yenye hesi (mikunjo ya skrubu) ileile. Tafadhali usikaze kwa koleo! Hesi za soketi zikikatika, utabadilisha soketi nzima.

Kuhusu mlio: mtu mmoja apige C wazi (bila kuubana uzi kwa kidole), mwingine aushike mguu karibu na soketi. Mlio ukikoma, mguu unacheza. Ukiendelea, angalia vikazio vidogo vya nyuzi, na ugonge kingo za selo kwa kifundo cha kidole. Mshono ulioachia unatoa sauti kavu.

Selo_Pwani: Naongeza kuhusu unene, kwa sababu sm 38 nje ni nyingi kwa mm 8. Fito mbili za chuma kilekile, ya mm 10 ni ngumu kupinda karibu mara 2.4 kuliko ya mm 8, kwa kuwa ugumu unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Uzito nao unapanda: fito isiyo na tundu ya sm 50 ni takriban gramu 200 kwa mm 8, gramu 300 na ushei kwa mm 10. Hapo ndipo kaboni inapofaa, ni ngumu na nyepesi. Ila skrubu yenye ncha kali inaitafuna hadi inapasuka. Ncha iwe bapa.

Mguu wa mm 10 hauingii soketi ya mm 8, na wa mm 8 ndani ya soketi ya mm 10 utakupa mlio uleule unaoukimbia. Pima kwa kalipa, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene.

FundiMbao: Na soketi mpya si ya kununua na kuchomeka. Ina umbo la pia, na tundu la selo hupanuliwa kwa rima (kifaa cha kuchonga tundu) hadi vilingane. Tena waya wa kishikio cha nyuzi umezunguka soketi hiyohiyo, kwa hiyo haitoki nyuzi zikiwa zimekazwa. Ukizilegeza zote, nguzo ya sauti, kijiti kilichosimama ndani ya selo bila gundi, inaweza kuanguka. Mpe fundi. Kuchomoa mguu peke yake hakuna hatari, ilimradi selo imelazwa ubavu.

BesiNne: Kwenye vigae ncha kali haishiki, iwe chuma au kaboni. Funga mkanda kwenye mguu wa kiti, ncha ikae kwenye kitundu chake. Kofia ya mpira iliyong'aa ni ya kutupa.

Uzi_wa_C: Utepe umejikunja, milimita 6 kwa dakika 10. Nilipoushika mguu, mlio ukakoma.

FundiMbao: Basi anza na skrubu. Mguu ukishikwa vizuri na bado unayumba, hapo ndipo uzungumze na fundi kuhusu mm 10.