Visikilizi Ambavyo Havijafika Dukani: Gumzo la Kikundi cha Familia, Tanga

Dada Mdogo: Assalamu alaykum nyote, na wakubwa wangu shikamooni. Naomba muitazame picha niliyoituma hapo juu. Nimeikata kwenye matangazo ya mpira ya jana usiku, wakati wachezaji walipokuwa wakishuka basini. Yule wa tatu kutoka mlangoni amevaa visikilizi ambavyo havifanani na chochote kinachouzwa sasa hivi. Nimevilinganisha na matoleo ya kampuni zote kubwa: kishikio kinachozunguka sikio ni chembamba zaidi, kitundu cha maikrofoni kimeshuka chini, na mahali ambapo nembo ingekaa pamebandikwa kitu cha rangi ileile. Mimi naamini ni toleo ambalo bado halijazinduliwa.

Baba Mkubwa: Wa alaykumu salaam, marahaba mwanangu. Picha nimeiona, na nimeikuza mpaka ikaanza kupasuka. Ninachotaka kufahamu ni hiki: ikiwa kifaa hakijazinduliwa, kimefikaje sikioni mwa mchezaji? Na kwa nini apewe yeye, ambaye kazi yake ni kucheza mpira, asipewe mtu anayejua mambo ya sauti?

Kaka Fundi: Shikamoo Baba Mkubwa. Dada ameangalia kwa makini, na ninakubaliana naye hasa kuhusu kitundu cha maikrofoni, kwa sababu hicho hakibadilishwi na kava wala rangi. Hata hivyo tusiharakishe. Picha ya televisheni iliyosimamishwa mtu akiwa anatembea hupotosha kingo za vitu, na kitu chembamba huonekana chembamba zaidi ya kilivyo. Wafuatiliaji hodari hawaishii kwenye picha, bali huenda kwenye nyaraka. Kifaa chochote kinachotoa mawimbi ya redio, hata hivi vidogo vya Bluetooth, hakiwezi kuuzwa Marekani kabla ya kuidhinishwa kwa taratibu za tume yao ya mawasiliano, FCC. Baadhi ya nyaraka hizo huwekwa wazi kwa umma, ingawa kampuni inaweza kuomba picha na kitabu cha maelekezo vizuiliwe kwa muda. Ndiyo maana mara nyingi namba ya modeli hujulikana kabla ya sura, kisha sura inapojitokeza kwenye skrini watu huunganisha hayo mawili. Huku kwetu kazi ya kuidhinisha vifaa ni ya TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano.

Dada Mdogo: Kaka, haitakuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Mei 2021 LeBron James, mcheza kikapu wa Marekani, alionekana pichani akiwa na visikilizi vidogo vyeupe ambavyo kampuni ya Beats ilikuwa haijavitangaza. Wiki chache baadaye, tarehe 14 Juni, vikazinduliwa kwa jina la Studio Buds, na vilikuwa vilevile. Wale waliosema kwamba watu wanaota ndoto walinyamaza.

Baba Mkubwa: Basi hiyo si bahati mbaya. Mtu hawezi kupita mbele ya kamera na kitu cha siri masikioni bila mwenye siri kujua.

Kaka Fundi: Zipo zote mbili, Baba Mkubwa, na ni muhimu kuzitofautisha. Kuna siri iliyoanguka na kuna siri iliyoangushwa. Mwaka 2010 mhandisi wa Apple alisahau simu kwenye baa huko Redwood City, California. Simu ilikuwa imevishwa kava ili ifanane na iPhone 3GS, kumbe ndani yake kulikuwa na iPhone 4 ambayo haikuwa imetangazwa. Aliyeiokota aliiuza kwa tovuti ya Gizmodo kwa dola 5,000, wao wakaifungua na kuchapisha picha za ndani, na baadaye polisi wakapekua nyumba ya mhariri. Kampuni haiwezi kufurahia jambo la namna hiyo. Lakini mwaka huohuo, tarehe 31 Januari, mchekeshaji Stephen Colbert alisimama kwenye jukwaa la tuzo za Grammy, akachomoa iPad kutoka ndani ya koti lake na kusoma majina ya wanaowania tuzo. iPad ilikuwa imetangazwa siku nne tu kabla, na ilianza kuuzwa tarehe 3 Aprili. Hapo hakuna aliyesahau kitu popote.

Binamu (Kariakoo): Salaam kwenu wote. Mimi sioni ubaya wa watu maarufu kupewa mapema. Kabla ya uzinduzi sampuli huwa chache, na kampuni lazima ichague wa kumpa. Ukimpa fundi mmoja, watamwona wateja wake; ukimpa mwanamuziki, dunia nzima inatazama. Beyoncé alipigwa picha Aprili 2015 akiwa na Apple Watch ya dhahabu yenye mkanda wa dhahabu wa vipande vilivyounganishwa, mkanda ambao haukuwekwa dukani kwa mtu yeyote. Saa ya dhahabu yenyewe ilianzia dola 10,000. Hakuna aliyedhulumiwa kwa sababu Beyoncé alivaa kabla yetu.

Shangazi (Ngamiani): Mwanangu, wewe unasema hakuna aliyedhulumiwa kwa sababu unaangalia upande wa anayevaa. Mimi nimekaa dukani Barabara ya 12 miaka mingi, nikiuza kava, chaji na visikilizi, na naomba niwaeleze upande wa anayenunua. Nyota anapoonekana na kitu leo usiku, kesho asubuhi kijana anasimama mbele ya meza yangu na picha kwenye simu, akiniambia anataka kile kile. Nikimwambia bado hakijatoka, ananiona nina duka la kizamani, anavuka barabara. Huko ng’ambo atauziwa kitu kilichofanana kwa nje, chenye nembo iliyochapwa upande, na betri yake haimalizi kipindi kimoja cha mpira. Kitu halisi kitakapokuja, yeye pesa zake zimekwisha. Na msidhani kwamba watengenezaji wa bandia hungoja. Kava za simu mpya hunifikia kabla ya simu yenyewe kuzinduliwa, kwa kuwa vipimo huvuja viwandani, nazo huwa sahihi mpaka tundu la kamera. Sasa fikirieni mtu anayeweza kutengeneza kava kwa vipimo vya uvumi atashindwaje kutengeneza ganda la visikilizi kwa picha ya televisheni.

Shangazi (Ngamiani): Na jambo lenyewe limeshaanza. Leo adhuhuri msambazaji mmoja amenitumia picha ya katoni zima, ananiambia ni “vile vya mchezaji wa jana”, na anataka nusu ya malipo kabla ya Ijumaa.

Kaka Fundi: Shangazi shikamoo. Tafadhali usitume hata senti kabla sijaviona. Kitu ambacho mtengenezaji mwenyewe hajakitangaza hakiwezi kuwa kwenye katoni la jumla.

Dada Mdogo: Shangazi, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Mimi napenda kutazama na kutambua, sina haja ya kununua. Kuna raha ya kweli katika kusimamisha picha na kuona jambo ambalo mamilioni wamelipita.

Mjomba Mwalimu: Raha hiyo usiiache, binti yangu, kwani ni raha ya mtu anayechunguza. Mimi nafundisha michezo, na ningependa kuleta mfano ambao watu wa Afrika Mashariki tuliuona kwa macho yetu. Tarehe 12 Oktoba 2019 pale Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Nilisimamisha kipindi cha mazoezi ili wanafunzi waone. Viatu alivyovaa vilikuwa vya majaribio, havikuwepo dukani popote. Mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu za utaratibu wa mbio zenyewe, lakini swali la viatu lilibaki: mkimbiaji mwenye mkataba akipewa kiatu ambacho wenzake hawawezi kukipata hata wakiwa na fedha, tunapima miguu au tunapima mkataba? Mwishoni mwa Januari 2020 shirikisho la riadha duniani likaamua kwamba, kuanzia tarehe 30 Aprili, kiatu cha mashindano kiwe kimeuzwa madukani kwa muda usiopungua miezi minne, na soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40. Baadaye wakalegeza, wakaruhusu viatu vya majaribio kwa muda maalumu, kwa sharti kwamba vijulikane na kuwekwa kwenye orodha ya wazi. Mkimbiaji Kelvin Kiptum wa Kenya, Mungu amrehemu, alipoweka rekodi ya 2:00:35 huko Chicago Oktoba 2023, kiatu chake kilikuwa cha majaribio kwa utaratibu huo, na kila aliyetaka kujua aliweza kujua.

Baba Mkubwa: Shemeji, hapo umenigusa. Kwa hiyo hawakukataza kupewa mapema, walikataza kupewa kwa siri.

Mjomba Mwalimu: Ndivyo ninavyolielewa, shemeji yangu. Na ningependa kipimo hicho kitumike pia kwa visikilizi, ingawa najua visikilizi havimpi mtu bao.

Binamu (Kariakoo): Mjomba, kiatu kinabadilisha matokeo ya mashindano, ndiyo maana kikawekewa sheria. Kisikilizi hakimbadilishii mtu chochote. Anayekiona anajua kabisa kwamba ni biashara.

Kaka Fundi: Binamu, hapo ndipo sikubaliani nawe, kwa sababu anayekiona mara nyingi hajui. Chukua huyohuyo LeBron. Mwaka 2008 aliwapa wenzake wa timu ya Marekani visikilizi vya Beats wakati wa safari ya Olimpiki ya Beijing, wakashuka navyo mbele ya kamera, na watazamaji wengi wakadhani kila mmoja amejinunulia kwa kuvipenda. Yeye alikuwa na hisa katika kampuni, na Apple ilipoinunua Beats mwaka 2014 kwa dola bilioni 3 naye alipata sehemu yake. Sisemi kwamba alifanya kosa, kwa maana mtu ana haki ya kuvaa mali yake. Ninasema kwamba mtazamaji wa Tanga aliyekaa mbele ya televisheni hakuwa na njia ya kujua kwamba anatazama tangazo.

Dada Mdogo: Na kuna wakati nembo yenyewe hueleza zaidi ikifichwa kuliko ikionekana. Mwaka 2014 ligi ya mpira wa Marekani, NFL, ilimtoza mchezaji Colin Kaepernick faini ya dola 10,000 kwa kuvaa Beats mbele ya waandishi, kwa kuwa ligi ilikuwa na mkataba na Bose, kampuni nyingine ya visikilizi. Safari iliyofuata alivaa visikilizi vilevile, ila nembo ameifunika kwa utepe. Ndiyo maana kile kipande kilichobandikwa kwenye picha ya jana nimekizingatia sana. Huenda hakifichi toleo jipya, bali kinaficha kampuni isiyo mdhamini wa ligi.

Kaka Fundi: Hoja nzuri sana hiyo, na inapunguza uhakika wetu. Utepe unaweza kufunika kifaa cha zamani kama unavyoweza kufunika kipya.

Baba Mkubwa: Mimi nataka kujua kuhusu hao wanaosifia. Je, wanavitumia kweli?

Dada Mdogo: Si wote, Baba Mkubwa. Novemba 2012 mtangazaji Oprah Winfrey alituma ujumbe Twitter kusifu tableti ya Surface ya Microsoft, akieleza jinsi alivyoipenda, na chini ya ujumbe ule mtandao wenyewe ukaonyesha kwamba umetumwa kutoka kwenye iPad. Mwaka 2018 mwigizaji Gal Gadot alisifu simu ya Huawei, nao ujumbe ukaonekana umetoka iPhone.

Binamu (Kariakoo): Huenda ujumbe uliandikwa na msaidizi wake.

Baba Mkubwa: Na kama uliandikwa na msaidizi, basi sifa zile hazikuwa hata za mdomo wake. Hilo kwangu linazidisha uzito wa jambo.

Mjomba Mwalimu: Marekani ipo tume ya biashara, FTC, ambayo mwongozo wake unamtaka mtu aliyelipwa au aliyepewa kitu bure akitaje wazi anapokisifu. Lakini mchezaji anayeshuka basini hasemi lolote. Amevaa tu, akapita. Kamera ndiyo iliyosema kwa niaba yake, na hapo ndipo ninapoona pengo.

Shangazi (Ngamiani): Shemeji, pengo hilo hulijaza sisi wenye maduka madogo, na mteja akiumia hamrudii mchezaji, ananirudia mimi. Nakumbuka TCRA walipozima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Wiki ile watu walipanga foleni dukani kwangu wakibonyeza *#06# wapate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, wakiituma kwenda 15090, na nyuso zikibadilika jibu lilipoingia. Mama mmoja alikuwa ameinunua simu yake kwa kuona picha yake kwenye kalenda ya msanii. Visikilizi havina IMEI. Vikiwa bandia hakuna ujumbe utakaomwambia mtu, atagundua sikioni mwake mwenyewe.

Binamu (Kariakoo): Shangazi, hapo nakubali. Bado nasema nyota apewe mapema, kwani hata sisi wa Kariakoo tunafahamu kinachokuja na tunajipanga. Ila nakubali kwamba aseme amepewa na nani.

Baba Mkubwa: Hapo tumekutana. Kaka Fundi, wewe ungependa nini kifanyike kifaa kikitoka?

Kaka Fundi: Ningependa kukishika. Picha haiwezi kunieleza kama kasha la kuchajia linafunguka na kubadilishwa betri au limegandishwa kwa gundi, kama spea zitapatikana, na kama jasho na hewa ya chumvi ya hapa Tanga vitakula vituo vya shaba vya kuchajia, jambo ninalolisafisha kwa spiriti karibu kila wiki hapa mezani kwangu. Hayo mchezaji hayajui, na hana sababu ya kuyajua, kwa kuwa kikiharibika atapewa kingine.

Dada Mdogo: Nimeirudia video kwa mwendo wa polepole. Akiwa anageuka kusalimia mashabiki, kishikio kinaonekana kwa upande mwingine, na kipo wazi: unene wake ni wa toleo la sasa. Kitundu cha maikrofoni tu ndicho bado sikielewi. Nitaendelea kukitafuta kwenye nyaraka, na kwenye kikundi cha wenzangu nimeshaandika chini ya picha kwamba haijathibitishwa, ili isisambazwe kama habari kamili.

Shangazi (Ngamiani): Umefanya vyema mwanangu. Na yule msambazaji nimemjibu sasa hivi: katoni lake silitaki, na kwenye picha yake alifute jina la duka langu alilokwisha kuliandika juu yake.