Ushauri wadau: Alhamisi naanza ushauri nasaha, huko ndani huwa inakuwaje?

Binti Makorora
Za jioni wadau. Nipo Tanga mjini, mama yangu kafariki mwaka jana na tangu hapo usingizi sina, niko dukani mteja ananiuliza bei ya mchele mi naanza kulia hadi wengine washaanza kuniogopa. Daktari kapima malaria, presha, sukari, vyote viko poa, akaniandikia nikaonane na mtu wa ushauri nasaha pale hospitali ya Bombo. Sasa sijui naenda kufanywa nini. Nitapewa vidonge vya wagonjwa wa akili? Lazima niseme yote ya nyumbani? maana kuna mambo ya baba na mirathi siwezi kumwambia mtu. Halafu Tanga hii mnaijua, ukikohoa Ngamiani unapewa pole Raskazone. Msinitukane jamani.

Chuma cha Mkonge
Pole kwa msiba bibie. Ila mi naona usome Yasin utoe na sadaka, kukaa kumsimulia mtu baki maisha yako ni mambo ya wazungu hayo.

Mama Shua
Chuma acha hizo, kisomo asome na huko aende, nani kakwambia vinagombana?
Mdogo wangu, mi nilienda baada ya mimba kuharibika, hospitali nyingine lakini. Siku ya kwanza usitegemee kushauriwa, ni maswali tu, unalala saa ngapi, unakula, mnaishi wangapi, kwenye ukoo kuna aliyewahi kuumwa hivi. Kuna karatasi ya maswali 9 ya wiki 2 zilizopita, kila moja unajipa alama 0 mpaka 3, lile la mwisho linauliza kama huwa unawaza bora ufe au ujiumize, hapo usione haya jibu ukweli. Nilitoka kichwa kinagonga nikasema huyu kanipotezea muda, hata neno moja la maana hajanipa, vikao vilivyofuata ndo nikaanza kuona tofauti. Na ukilia hakwambii jikaze, ananyamaza anakusogezea tishu basi. Nilishangaa mie.

Kwetu Duga
Vaa nikabu dada, kwenye benchi hakujui mtu 😂

Mama Shua
Kwani kwenye benchi mtu anaandikwa usoni kafuata nini? Kuna wa presha, kuna wa kliniki.

Mnasihi wa Pangani
Hii ndo kazi yangu ingawa si hapo Bombo. Kaunsela haandiki dawa, anayeandika ni daktari, na hata ukiandikiwa una haki ya kuuliza ni ya nini na utaimeza mpaka lini. Kikao huwa kama dakika 45 hadi saa nzima. Mwanzoni anatakiwa akueleze habari ya siri: unachosema hakitoki, isipokuwa ukiwa kwenye hatari ya kujidhuru au kumdhuru mtu, au kuna mtoto anafanyiwa ukatili, maana hapo Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anayejua atoe taarifa. Asipokueleza muulize wewe.
Ya baba na mirathi mwambie tu "hilo bado, sijawa tayari", hakuna wa kukulazimisha. Ukikuta ni jirani yako au hamwendani omba mwingine, hatukasiriki (haya, kidogo). Ila mawazo ya kufa yakikujia kabla ya Alhamisi usisubiri appointimenti, nenda mapokezi ya dharura hata iwe usiku wa manane.

Binti Makorora
Asanteni sana, angalau moyo umetulia. Kaka Chuma, Yasin nasoma tangu arobaini ya mama wala sijaacha. Swali jingine, naweza kwenda na dada yangu?

Mnasihi wa Pangani
Nendeni wote, yeye atasubiri nje na ataingia ukitaka wewe tu. Na kuanzia leo andika kwenye simu umelala saa ngapi umeshtuka saa ngapi, maana ukishakaa kwenye kile kiti yote yanapotea.

Chuma cha Mkonge
Haya bibie, utupe mrejesho.