Huyu mtangazaji wa zilipendwa za Jumapili ashtakiwe, amekata sebene!

SanturiKuukuu
Wakuu, leo sina salamu. Yule jamaa wa zilipendwa za Jumapili, jina halitajwi na wote mnamjua, yule anayecheka kabla hajamaliza utani wake, amerudia tena. Robo saa haijapita. Amekata wimbo wa TPOK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, pale pale sebene linapoingia, ile sehemu ya magitaa kujimwaga.

Si kabla, si baada. PALE PALE. Waimbaji wamemaliza kiitikio, saksafoni zimejiondoa, gitaa la rithimu limebaki linazungusha koodi zake tatu, besi imetulia chini yake, na gitaa la Franco linanyofoa nyuzi mbili kwa mpigo, ndiyo kwanza linaanza kupanda... "Naaam! Wimbo mfupi lakini mtamu!" Halafu tangazo la dawa ya mende.

MFUPI! Wimbo wa pande mbili za santuri! Ni sawa na kuinuka jamvini sinia la pilau ndiyo kwanza linafunuliwa, ukajisifu umeshiba maji ya kunawa.

Santuri ndogo ya 45 (mizunguko 45 kwa dakika) inabeba dakika nne, tano hivi kwa upande. Ukilazimisha zaidi mifereji inabanana, sauti inashuka na besi inakonda. Ndiyo maana wimbo mrefu uligawanywa: upande A unafifia, unageuza, upande B unaendelea. Kwenye lebo kuna 1 na 2. Mtoto wa chekechea angeuliza 2 iko wapi. Huyu ana faili la 1 tu, anasikia sauti inafifia, anadhani Franco kachoka. Franco! Kachoka!

Kisha, bila haya, akasema rumba ililetwa Kongo na Franco kutoka Cuba. Hapo sikubishana hata na redio. Mimi bado nipo dakika ya 4 na sekunde 18. Pale pale sebene linapoingia, wakuu.

Manyanga
Naunga mkono hoja kwa miguu na mikono. Santuri za lebo ya GV zenye muziki wa Cuba zilianza kuingia Kongo miaka ya 30 mwanzoni. Franco kazaliwa 1938. Alizileta akiwa wapi, kwenye mgongo wa nani?

KijiweChaTandale
Mleta uzi kunywa maji. Umeandika "pale pale" mara nyingi kuliko kiitikio chenyewe.

SanturiKuukuu
Ni kwa sababu ni PALE PALE.

FundiSindano
Tuwe wakweli kidogo. Santuri za zamani za 78, za kina Wendo Kolosoy na Henri Bowane wa Kongo mwaka 1948, zilibeba dakika tatu tu kwa upande. Mpiga gitaa alipewa upenyo mdogo, akajimwaga, basi. Sebene refu kwenye santuri lilipata nafasi ilipokuja 45 ya pande mbili, na likanenepa kwenye LP, santuri kubwa ambayo upande mmoja unafika dakika 20. "Mario" ya 1985 inakwenda dakika 14 bila kugeuza. Kwa hiyo anayecheza upande A peke yake anakupa utangulizi. Kinachouma ni kwamba dawa yake ni kazi ya nusu saa:

Rekodi pande zote mbili kwa mkao mmoja, usiguse kitufe cha sauti katikati. Kwenye kompyuta tafuta pigo la mwisho la tumba upande A kabla sauti haijaanza kufifia. Tafuta pigo lile lile upande B, maana mara nyingi B inarudia mizunguko michache ya A. Kata juu ya pigo, unganisha kwa milisekunde 10 hadi 20 tu. Ukiweka sekunde mbili magitaa yatapishana, utadhani bendi mbili zinagombana ukumbi mmoja. Na usishangae kiungo kusikika: mwisho wa upande A sindano iko karibu na kitovu, mfereji unapita taratibu, sauti inakwaruza, mwanzo wa B sindano iko nje kabisa, sauti inang'aa. Punguza kidogo sauti nyembamba za B kwa sekunde chache za mwanzo, uzirudishe polepole.

Manyanga
Umemwandikia mtu asiyejua santuri ina pande mbili.

KijiweChaTandale
Ila lile tangazo mlisamehe, lina uhusiano. Atalaku, wale wapaza sauti wa kuchangamsha sebene, wa bendi ya Zaiko Langa Langa miaka ya 80 walitikisa kopo la dawa ya wadudu badala ya manyanga. Labda jamaa alikuwa anatuwekea kionjo.

Manyanga
😂😂 Kopo ni kweli, lakini Zaiko ni ya 1969, iliyotupa matarumbeta na saksafoni kabisa. Aliyopiga leo ilikuwa na saksafoni. Hata kwa bahati mbaya hakupatia.

KijanaWaRiverRoad
Huko kwenu afadhali. Huku kuna mmoja kila wiki anasema "Sina Makosa" ni ya Simba Wanyika. NI YA LES WANYIKA! Simba Wanyika ni ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, waliopitia Arusha Jazz kwanza. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakatoka wakaunda Les Wanyika, John Ngereza akiimba. Mtu ukishindwa kusikia tofauti, sikiliza gitaa la rithimu la Professor Omari wa Les Wanyika: fupi, kavu, inajibu besi. Haya, huyo wenu alikata wimbo. Wetu anaugawa kwa bendi isiyohusika. Nani ana kesi kubwa?

SanturiKuukuu
Mimi! Alikata PALE PALE!

BintiSikinde
Kesi kubwa ni ya wanaopandisha nyimbo mtandaoni zikiwa zimekimbia. Santuri inazunguka asilimia 6 zaidi, sauti inapanda nusu toni, Marijani Rajabu anageuka mtoto wa madrasa. Na wapo wanaocheza LP ya 33 kwenye 45, hapo ni toni mbili na nusu na zaidi. Tena mleta uzi, lile faili uliloweka kwenye uzi wako wa mwezi jana lilikimbia. Ukilipigia gitaa pembeni, hakuna uzi unaokubali.

KijiweChaTandale
Mshtaki kashtakiwa. Nimekaa pale.

SanturiKuukuu
Ule mkanda unaozungusha sahani ya mashine ulikuwa mpya! Na hilo si suala. Suala ni dakika ya 4 na sekunde 18.

FundiSindano
Mkanda mpya si kosa, kutopima ndilo kosa. Chapa duara la mistari ya kupimia mwendo, lilaze juu ya sahani, mulika kwa taa ya umeme wa kawaida. Mistari ikionekana imesimama, mwendo ni sawa. Ikitembea mbele, punguza. Na kwa santuri za 78 msitumie sindano ya LP: ile ni maikroni 18 hivi, ya 78 inataka kama 75. Nyembamba inazama mpaka chini ya mfereji na kuzoa takataka tu.

MsondoDamu
Huyo jamaa wa Jumapili wiki iliyopita kasema Mbaraka Mwinshehe ni Mkongo. Mtu wa Morogoro! Morogoro Jazz, halafu Super Volcano 1973! Lakini nilinyamaza, kwa sababu baadaye alipiga Msondo, bendi mama.

BintiSikinde
Bendi mama ya nani?

MsondoDamu
NUTA Jazz, 1964. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Mlimani Park yenu, hiyo Sikinde, ni ya 1978, tena mlianza kwa kubeba watu wetu.

BintiSikinde
Mmebadilisha majina kama mdaiwa anayehama nyumba. Na chemko la Sikinde, pale wimbo unapochangamka, mnalijua, tarumbeta zinaitikia gitaa la solo kwa zamu. La kwenu kila mtu anaongea kwa pamoja.

KijanaWaRiverRoad
Si Msondo na Sikinde zote ni ngoma za Wazaramo? Mnagombania nini?

MsondoDamu
Wewe rudi kwa Wanyika.

SanturiKuukuu
Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Saksafoni zilikuwa zimeshajiondoa...

BintiSikinde
Subiri kwanza. Mwimbaji Gurumo mnamhesabu wapi?

MsondoDamu
Kwetu. Alikuwa kwetu kabla ya Sikinde, akarudi kwetu.

BintiSikinde
Na ile miaka aliyoimba Sikinde alikuwa nani, mgeni wa mkopo?