Mjadala: Magazeti ya Kiingereza yaache kuandika "accident" kwa vifo vya barabarani?

Mzee Kalamu
Naomba wanaosoma habari za Kiingereza wanisaidie. Polisi wameshasema dereva alikuwa amelewa, lakini gazeti bado linaandika "accident", yaani tukio la bahati mbaya. Kwa nini? Shirika la habari la AP lililipiga marufuku neno hilo 2016. BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, lilishalikataa tangu 2001, kwa hoja kwamba mengi ya matukio haya yanatabirika na yanazuilika. Mwandishi akisema "accident" uchunguzi haujaisha, kwangu ameshatoa hukumu kuwa hakuna mkosaji. Aandike "crash", yaani mgongano, yaishe. Madereva hawajali roho za watu na waandishi wanawasitiri.

Shabani wa Masafa
Mzee, shikamoo. Umeanza vizuri, ukamalizia kwa kututukana. Madereva gani hao hawajali? Mimi naendesha lori. Tela likiwa na mzigo kamili halisimami pale unapotaka wewe. Mtu anachomoka kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, umekanyaga breki mpaka chini, matairi yanalia, na bado unamwona anakujia. Hiyo niiite nini? Samaki mmoja akioza mnamwaga tenga zima.

Rehema B.
Kaka Shabani, hakuna aliyekutaja. Ila huyo aliyechomoka ameshazikwa, hawezi kuja kujieleza, na gazeti litaandika ulivyosimulia wewe. Angalieni zinavyoandikwa: mtembea kwa miguu amegongwa na gari. Gari! Dereva hayumo kabisa kwenye sentensi. Aya inayofuata wanatuambia marehemu alivaa nguo nyeusi. Hilo linaniuma kuliko hiyo "accident" yenu.

Shabani wa Masafa
Kwa hiyo mimi muongo?

Rehema B.
Nimesema marehemu hahojiwi.

Meza ya Usiku
Marahaba kwa wote, lakini tusipotoshane. AP hawakupiga marufuku. Mwongozo wao unasema neno liepukwe pale uzembe unapodaiwa au ukishathibitika, maana linaweza kusomeka kama linamwondolea mtu lawama. Pasipo na hilo, ruksa. Nimehariri habari za Kiingereza muda mrefu. Saa nne usiku una aya mbili za polisi, gazeti linaenda mtamboni, hujui nani kakosa. "Crash" inakufaa kwa sababu inasema kimetokea kishindo, basi. Rehema naye ana hoja, na mwongozo uliotolewa Uingereza 2021 kwa waandishi wa habari za barabarani unasema hivyohivyo: mtaje dereva, usitaje gari peke yake. Lakini msidhani sheria iko upande wenu. Sheria ya Barabara ya Uingereza ya 1988, pale inapomtaka dereva asimame na kutoa taarifa, bado inasema "accident".

Bin Omari
Mnahangaika na Kiingereza bure. Sisi neno letu ni ajali, na asili yake Kiarabu ni muda uliowekwa. Kila nafsi ina wakati wake. Mnataka kila kifo kitafutiwe mtu wa kufungwa? Wahenga walishasema ajali haina kinga.

Mzee Kalamu
Sheikh, kwa heshima zote: siku ya kufa anaijua Mungu, chupa ameishika dereva. Usiviweke pamoja. Na kinga ipo. Mkanda ni kinga, kofia ngumu ni kinga. Bunge la Sweden lilipitisha 1997 lengo la kutokuwa na mtu anayeuawa barabarani. Wangekuwa na methali yako wangekaa tu.

Bin Omari
Sijasema watu wakae. Funga ngamia wako, kisha tawakali. Wewe ndiye unayenisomea nisichoandika.

Shabani wa Masafa
Ahsante kwa Sweden, mzee, umenisaidia. Hao walisema binadamu atakosea tu, kwa hiyo barabara itengenezwe ili kosa lisiue. Wenye kujenga barabara nao wabebe lawama. Mbona hukuanza na hilo ukaanza na sisi?

Mzee Kalamu
Mlevi hajakosea kwa bahati mbaya. Usimfiche nyuma ya mhandisi.

Meza ya Usiku
Swali moja kwa wanaolichukia neno. Ndege ikianguka, kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Kiambatisho cha 13, zinaita "accident". Idara ya Uingereza inayochunguza ndege zilizoanguka ina neno hilo kwenye jina lake. Mbona hakuna msomaji anayedhani ndege imeanguka bila sababu?

Rehema B.
Kwa sababu ndege inachunguzwa! Wanaokota kila kipande, wanasikiliza sauti za rubani, ripoti inatoka hadharani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 walikufa barabarani 2021, na wengi wao waliondoka na aya mbili na neno moja la kufungia habari. Mnipe uchunguzi kama wa ndege, halafu andikeni neno lolote.

Shabani wa Masafa
Hapo nakuunga mkono dada, uchunguzi uje, hata mimi utanisafisha. Lakini lile la marehemu hahojiwi hujalifuta, na mimi nalisubiri.

Rehema B.
Silifuti.