Wapiga besi mnaotunga na kuongoza bendi, tupeane uzoefu

Wadau, habari za jioni. Nina miaka 12 kwenye besi, kanisani na kwenye harusi, na muda wote huo nilijua kutunga ni kwa wapiga gita na kinanda. Sisi kazi yetu kushika mdundo tu.

Aliyenitoa huko ni Miljenko Prohaska wa Kroatia, enzi hizo sehemu ya Yugoslavia. Alizaliwa Zagreb mwaka 1925, akafariki mwaka 2014, na ala yake ilikuwa besi kubwa ya kusimama. Kwenye kwarteti ya jazi ya Zagreb, iliyoanza 1959, alipiga na Boško Petrović wa vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa), Davor Kajfeš wa piano na Silvije Glojnarić wa dramu. Wako wanne tu, hakuna pa kujificha. Tena huyohuyo ndiye aliyeongoza okestra ya dansi ya redio ya Zagreb miaka mingi, na kusimama mbele ya okestra kwenye Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya.

Kibao chake "Intima" kilirekodiwa na Modern Jazz Quartet ya Marekani miaka ya 60. Jamani, mpiga besi wa Yugoslavia! Nilipojua hilo nikakaa chini nikatunga wimbo wangu wa kwanza, nikaanzia kwenye besi: noti nne, halafu wenzangu wanaitikia. Siku ya mazoezi mpiga kinanda aliurudia mara tatu bila kuombwa.

Nyie wenzangu mlianzaje?

Jibu, kutoka Unguja:
Mimi napiga besi la kusimama kwenye taarabu. Kutunga sikuhangaika sana, kuongoza ndiko kulikonitoa jasho. Mikono yote miwili iko kwenye besi, utawaashiria wenzio kwa kitu gani? Nikajifunza kuvuta pumzi kwa nguvu na kuinua kidevu. Wapiga fidla wakiisikia ile pumzi, wanaingia. Ilinichukua karibu mwaka mzima.

Jibu:
Vijana, mimi si mpiga ala, ila nilisoma Zagreb miaka ya 70 kwa ufadhili wa Yugoslavia. Bwenini tulikuwa na redio moja, na mwenzangu wa chumba, mwenyeji wa hukohuko, kila muziki wa okestra ukianza alinigusa bega: sikiliza chini, kwenye besi. Mpaka leo wimbo wowote naanza kuusikiliza kwa chini. Mwanangu uliyeanzisha mada, tuwekee huo wa noti nne tuusikie.